Akusanya sahihi za kufuta kodi ya kumjengea kaka yake paa

Saa nne asubuhi, mbele ya supamaketi moja mjini Tolmer, jimbo la Washington, Verna Tollefson ameufunika ubao wake wa kuandikia kwa mfuko wa nailoni. Pembeni ameutoboa tundu la kutosha mkono wa mtu. Anayetaka kutia sahihi huingiza mkono humo kama anayemzalisha ng'ombe, na Verna humshikia mwavuli.

"Karatasi ikilowa wino unakimbia, na wino ukikimbia jina linakataliwa," anasema. "Juni ya huku ni baridi ya Januari iliyovaa kaptula."

Verna, mwenye umri wa miaka 58, hupiga pasi na kukunja mashuka ya hoteli katika kiwanda cha dobi. Ameifanya kazi hiyo miaka 26, na sasa analipwa dola 19 kwa saa. Leo ni siku yake ya mapumziko. Hapa halipwi hata senti.

Anachotaka ni wapiga kura wa jimbo zima waulizwe swali moja Novemba: je, miji ipigwe marufuku kuwatoza waajiri kodi kwa idadi ya wafanyakazi wao? Ili swali liulizwe, lazima kwanza zipatikane sahihi za kutosha. Karatasi moja hubeba ishirini, na leo saa sita gari la kamati ya kampeni hii litapita kuzichukua karatasi za mwisho.

Watu wa hapa huiita kodi ya vichwa. Msomaji asidhani ni ile waliyotozwa babu zetu kwa kosa la kuwa na vichwa. Hii hulipwa na mwajiri, dola 300 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi. Baraza la mji limeshaipitisha, na itaanza Januari ili kujenga vyumba vya watu wasio na makazi. Mwajiri wa Verna ametangaza kwamba ikianza, zamu ya jioni itafutwa. Verna ni wa zamu ya jioni.

Lakini Verna ana kaka, naye kaka huyo analala chini ya daraja.

Loren Tollefson, miaka 63, alipasua mbao kiwandani mpaka mgongo ukamkatalia. Kazi ikaenda, nyumba ikafuata. Kwa Verna hawezi kuhamia, maana mkataba wa chumba chake ni wa mtu mmoja na mwenye nyumba hana mzaha. Kwenye orodha ya wanaosubiri vyumba vitakavyojengwa kwa kodi hiyo, Loren ni wa thelathini na moja. Kila Jumapili dada yake humpelekea supu na soksi kavu. Ng'ombe halemewi na nunduye, lakini kuna siku nundu huuma.

"Sijamwambia kuwa nasimama hapa," Verna anasema kwa sauti ya chini. "Nimwambieje? Kwamba nakusanya majina ya kukibomoa chumba chake kabla hakijajengwa?"

Hatua tatu kutoka kwake amesimama Marisol Quiroga, mwanafunzi wa uuguzi, na bango lililoandikwa SOMA KABLA HUJASAINI. Yeye anaitetea kodi. Wamesimama pamoja wiki tatu, wakinyang'anyana wapita njia.

"Mama Verna, umeshadanganya wangapi leo?"

"Kumi na tisa, mwanangu. Wewe umefukuza wangapi?"

"Wachache. Una ulimi wa asali, mama."

"Basi nishikie mwavuli nipige kahawa, adui yangu."

Marisol anaushika. Ni wakati huo, kikombe kikiwa mdomoni, ndipo Verna anapomwona mwanamume mrefu mwenye koti la mvua la kijani akivuka maegesho ya magari. Anaugeuza ubao na kuukumbatia kifuani.

"Usifiche," anasema Loren. "Daraja zima linajua. Mimi tu ndiye niliyekuwa nangoja uniambie."

"Loren, nilitaka..."

"Umebakiza wangapi?"

"Mmoja. Si wewe."

"Mimi ni mpiga kura au siyo?"

"Utajikaba shingo mwenyewe, mzee! Nenda zako, mvua inakunyeshea."

"Mvua na mimi tunafahamiana. Lete kalamu."

Kamati iliwafunza wakusanyaji wasimkatalie mpiga kura yeyote. Verna anamtazama Marisol, kana kwamba msichana yule ataweza kumwokoa. Marisol anausogeza mwavuli juu ya kichwa cha Loren.

Loren anaingiza mkono kwenye tundu la nailoni na kuandika polepole. Kwenye nafasi ya anwani anaandika kama alivyojiandikisha katika ofisi ya uchaguzi, kwa kuwa sheria ya huku inamruhusu mtu kujiandikisha pale anapolala: chini ya daraja la Mto Skell, upande wa kaskazini.

"Sikiliza, Verna," anasema akirudisha kalamu. "Hii ni ruhusa ya kuuliza swali tu. Nawe una haki ya kuuliza. Jibu nitalitoa Novemba, na jibu langu ni hapana."

Verna analia waziwazi, mbele ya watu na mikokoteni yao ya mboga. Inauma kumtazama. Saa sita gari linakuja, na karatasi inaondoka ikiwa imejaa.

Katika jimbo hili kura hupigwa kwa posta. Kwa kuwa daraja halina sanduku la barua, Loren hutumia sanduku la dada yake. Oktoba, bahasha mbili zitamfikia Verna, moja ikiwa na jina lake na nyingine ikiwa na jina la kaka yake.

"Nimeshaliwaza," anakiri, akikunja mfuko wa nailoni kwa mikunjo ile ile ya mashuka. "Kura moja ya hapana. Ningeitia kwenye jiko, nani angejua? Yeye angesema posta imechelewa."

Anaubana mfuko kwapani.

"Nitampelekea bahasha yake Jumapili ya wiki hiyo hiyo, haijafunguliwa. Tutakaa juu ya kreti lake, yeye ajaze yake, mimi nijaze yangu. Natumaini nitabaki na kazi. Natumaini pia atapata mlango wa kufunga. Najua haviwezekani vyote viwili, usinieleze. Lakini kalamu nitapeleka mbili."