Mkuza wa umeme kwenye kiwanja cha baba

Leo Jumamosi, mwaka wa thelathini na nane tangu nitoke Ujiji, nimemshinda dalali kwa simu.

Alisimama na mnunuzi, nesi kutoka Singida, kwenye kiwanja cha marehemu baba ninachokiuza.

"Shikamoo Mzee. Mkuza wa umeme umepita hapa. Chini ya nyaya hakujengwi. Shusha bei, iwe nusu."

"Marahaba. Umepita upande gani?"

"Wa ziwani."

"Basi nani atajenga hapo amzibie mama huyo ziwa?"

Simu ilikuwa kwenye spika.

Nesi akampokonya simu. "Kumbe milima ya Kongo nitaiona mpaka uzeeni! Mzee, bei yako naikubali yote."

Semeni wenyewe, nani mjanja?

Baba aliitazama milima ile kila asubuhi. Sasa ina mtazamaji mwingine. Mimi sitarudi.