Msiiache Ndege Nyeupe

Neno moja lilininyima usingizi: "Msiiache."

Mogaka, niliyelala naye chumba kimoja chuoni, alikuwa amefariki. Wenzake wa mchezo wa ndege za kivita mtandaoni wakaandaa siku ya kumkumbuka, wakatualika hata sisi tusiojua kucheza. Kanuni ilikuwa moja: "Ndege nyeupe ni ya Mogaka. Msiiache."

Tusiiache peke yake, au tusiiache ipone? Nililichambua neno hilo kama swali la mtihani. Kuuliza niliona haya, eti mtu mzima na digrii yake. Mwishowe nikaamua vita ni vita.

Jumapili, siku yenyewe, nikiwa kwenye saiba, duka la intaneti, Nyamira mjini, niliiona ndege nyeupe ikipaa taratibu. Nikaipiga hadi ikawaka moto.

Kisha nikasikia kwenye spika sauti ya Kemunto, dada yake Mogaka, aliyekuwa akiiendesha ndege hiyo kutoka kwao Sironga.

"Nilitaka tu itue salama. Ndicho alichokuwa akinifundisha, kutua."

"Huyu Mgeni ni nani?" mwingine akauliza. "Hajui kusoma?"

Mgeni lilikuwa jina langu mchezoni. Ningeweza kuzima kompyuta nikaenda zangu. Nikawasha maikrofoni.

"Kemunto, ni mimi. Ombati."