Maswali Ishirini Niliyouliza Lobule

Kazi yangu ilikuwa kuharibu. Majirani wa Koboko walipomuuliza mama yangu binti yake anafanya nini Arua, aliwajibu kwamba analipwa kuharibu simu za watu, na sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo. Watengenezaji wa programu za simu walikaa Kampala wakizitengeneza. Sisi wajaribu watatu tulikaa Arua, ghorofani juu ya duka la magodoro, tukitafuta namna ya kuzivunja kabla hazijafika kwa watumiaji.

Mle ndani hatukuwa watu wa kawaida. Tuliandikisha watoto wenye umri wa miaka mia mbili. Tuliandikisha mama aliyezaliwa kesho. Mwenzangu mmoja alimchanja surua mtoto aitwaye Chapati Mbili mara arobaini kwa siku moja, na programu ikamshukuru kila mara. Aliyepata kasoro ya kwanza asubuhi alinunuliwa chai na wenzake, kwa hiyo tulianza kuombea mabaya tukiwa bado kwenye ngazi. Kazi ile inakupa tabia mbaya. Nilikuwa siamini kikokotoo, siamini mizani ya muuza nyama, na rafiki akiniambia amepona malaria nilitaka kumuuliza amejuaje.

Ndiyo maana jambo la Lobule linaniuma mpaka leo. Siwezi kusema kwamba sikuijua kazi.

Programu yenyewe ilikuwa ya kufuatilia chanjo za watoto. Mhudumu wa afya wa kijiji anapita nyumba kwa nyumba na simu, anamwandika mtoto na chanjo aliyopata, na siku ya chanjo inayofuata ikikaribia, simu inamkumbusha. Tulipochoka kuivunja ofisini tukaambiwa ijaribiwe kijijini kwa wiki nane. Kwa kuwa mimi ni wa Koboko na Kiswahili cha huko nakijua tangu utotoni, nikapewa Lobule, huko huko Koboko.

Mhudumu niliyepangiwa alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mjane wa askari, mkulima wa muhogo na mtama. Watoto wa kijiji kile alikuwa amewafuatilia tangu baadhi ya mama zao walipokuwa watoto wenyewe. Kazi yake ilikuwa ya kujitolea. Alichopata ni kwamba kila nyumba ilimfungulia mlango na kumwamini, basi.

Kila Jumatano boda iliponishusha uani kwake, alipaza sauti majirani wasikie: "Mutoto yetu ya Arua amefika!" Nilinawa mikono, nikaletewa muhogo na maharage, na hapo ndipo nilipofungua karatasi yangu ya maswali ishirini.

"Mama, kama unaandika mutoto na netiwaki inapotea, mutoto anabaki ndani?"

"Iko sawa."

"Na siku ya chanjo, simu inakumbusha?"

"Inakumbusha muzuri sana. Kula, mwanangu."

Nikatia alama. Nilipita zahanati kumuuliza muuguzi, naye akasema iko sawa. Mlinzi wa getini, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema iko sawa kabisa.

Wiki nane, maswali ishirini kila wiki, na hakuna hata kasoro moja. Ofisini matokeo kama hayo yangetufanya tukague kama simu imewashwa. Lobule niliyaamini. Chakula kilikuwa kizuri, nilikuwa nimechoka kumtilia shaka kila mtu, na nilifurahi, nisiseme uongo, kwamba kitu nilichokileta kimekubalika nyumbani. Nikaandika kwamba programu imepita, nikatia sahihi. Ikapelekwa kwenye zahanati nyingine za mbali.

Haikuchukua muda, msimamizi wa mradi akafungua kumbukumbu na kukuta jambo. Watoto wote walioandikwa na yule mama walikuwa wakiingia kwenye mfumo siku ya Jumamosi, ndani ya saa moja, wengine mara mbili, wengine mara tatu. Akahitimisha kwamba mama hatembelei nyumba za watu. Anakaa mahali na kubuni watoto. Aliazimia kumnyang'anya simu na kumfuta kwenye orodha ya wahudumu, mbele ya mkutano wa zahanati, ili wengine wajifunze. Mimi nikatumwa kukusanya ushahidi kwa sababu tunafahamiana.

Nilikwenda nikiwa na hasira naye. Alikuwa ameandaa chakula; nikasema nimeshiba, jambo ambalo kwetu halisemwi. Nikachukua simu yake, nikasimama katikati ya uwanja, nikaandika mtoto mmoja wa uongo kama nilivyozoea.

Ofisini mtandao tulikuwa tunauzima kwa kubonyeza, tunauwasha tena kwa kubonyeza, na programu ilivumilia. Uani kwa mama yule mtandao haukuzimika wala haukuwaka. Ulikuja kidogo, ukaondoka, ukarudi, ukaondoka. Simu iligusa ule mtandao kidogo, ikajiambia kwamba imeshatuma, ikamfuta mtoto. Nikamwandika tena, akapotea tena. Mara ya tatu alibaki. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Mama aliniangalia, kisha akaingia ndani na kutoka na madaftari matatu yaliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kila mtoto alikuwamo, kwa penseli, chanjo yake na tarehe yake. Pembeni ya majina kulikuwa na vijiti vidogo vilivyochorwa kwa uangalifu, kijiti kimoja kwa kila mara simu ilipommeza mtoto huyo. Mtoto mmoja alikuwa na vijiti saba. Kila Jumamosi, soko likiisha, mama alipanda kwa miguu hadi mwinukoni karibu na barabara kuu, mahali mtandao unapotulia, akawaandika wote upya, wengine mara mbili au tatu ili awe na hakika.

"Mama, kwa nini hapana niambia?"

"Wewe ulikuwa nauliza kama mutu naogopa," alisema. "Tukakaa pale zahanati, tukasema, hii mutoto yetu amepata kazi moja tu. Kama tunasema kitu yake iko mubaya, wakubwa yake watamufukuza. Sisi tunaweza kuandika kwa kitabu. Iko shida gani?"

Walikuwa wamefanya kikao. Yeye, muuguzi na yule mlinzi walikubaliana kwamba nikija, nikiuliza lolote, nijibiwe iko sawa. Nilicheka kwa sauti, na kabla sijamaliza kucheka nilikuwa nalia. Sijawahi kupendwa hivyo na watu ambao sikuwazalia wala sikuwapikia, na sijawahi kuona aibu kama ile.

Nikamweleza kinachomsubiri kwenye mkutano.

"Andika mimi nimekosa. Sema huyu muzee, macho yake mubaya."

"Watakuharibia jina, mama."

"Jina yangu hapa watu wanajua. Yako bado mupya."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa papo hapo. Sikukataa. Kutoka Lobule hadi Koboko mjini, nyuma ya boda, nilitunga kichwani ripoti aliyoniomba. Ilikuwa fupi na ya upole. Ilizungumzia makosa ya kuingiza taarifa kutokana na umri wa mhudumu, ikapendekeza apumzishwe kwa heshima. Nilipofika stendi nilikuwa nimeimaliza, na niliipima kwa jicho la kazi yangu nikaona haina kasoro.

Nikiwa nasubiri gari la Arua lijae, nikazikumbuka zile zahanati nyingine. Kule programu ilikwenda kwa sahihi yangu. Kule sikuwa mtoto wa mtu, hakukuwa na wa kumlinda, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kuchora vijiti kwenye daftari. Simu ilimeza watoto na watu wakaiamini, kama nilivyowaambia waiamini. Ni wangapi, hakuna anayejua. Nimeshaifanya hiyo hesabu mara nyingi kichwani na haina pa kuanzia.

Niliandika ripoti ya kweli kesho yake asubuhi. Nikaeleza kasoro ya programu, kisha kasoro ya jaribio langu, kwamba niliuliza kama mgeni anayekula na sikukaa kutazama mtu akifanya kazi. Nikaandika kwamba kumbukumbu za mama wa Lobule ndizo pekee za kuaminika katika mradi mzima. Mkubwa wetu wa ofisini aliisoma mara mbili, akanisogezea ile karatasi niliyoandika kwamba programu imepita.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

Hakunifokea. Programu ikasimamishwa, wahudumu wa zahanati zile wakaagizwa kupita nyumba kwa nyumba upya na daftari. Msimamizi alikwenda Lobule, na kwenye mkutano ule ule aliokuwa ameupanga wa kumwaibisha mama, akasimama akamwomba radhi. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa.

Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe kumwambia, nisije nikasemewa na wengine. Hatujamaliza salamu akaniuliza.

"Wamekufukuza?"

"Ndiyo, mama."

Aliweka mikono kichwani akalia kwa sauti, kilio cha msiba, mpaka majirani wakaja mbio wakiuliza nani amekufa. Akawaambia wameua kazi ya mtoto. Wanawake wawili wakakaa chini naye. Mimi nilisimama nikiwa nimeshika mkoba wangu, maana aliyepaswa kufarijiwa sikumjua tena ni nani kati yetu.

Alipotulia, akajifuta uso kwa leso, akaingia ndani, akatoka na ile simu. Akaniwekea mapajani.

"Sasa andika," alisema.

Akaanza. Maandishi iko kidogo sana. Kitufe ya kufuta inakaa karibu na kitufe ya kuweka, na kidole yake ni kubwa. Mapacha, simu inakataa ile ya pili. Inataka tarehe ya kuzaliwa na mama anajua tu ilikuwa wakati ya palizi. Kwa jua hapana onekana kitu. Ile sauti ya kukumbusha inaongea kama polisi, watoto wanalia. Alikuwa anazijua zote, kwa mpangilio, tangu wiki ya kwanza. Nilitoa kalamu nikaandika kila neno, na karatasi yangu ilipojaa akanichania kurasa kutoka kwenye daftari lake, nikaendelea kuandika, ingawa sikuwa tena na mtu wa kumpelekea.