Bafle ya Mama Mkwe

Bulonza alikuwa na sikio moja tu la kufanyia kazi. La pili liliharibikia kwenye barabara ya Bunagana, siku wenye bunduki waliposimamisha lori alilopanda na kuzitaka redio alizotoka kununua mpakani. Aliwajibu. Kitako cha bunduki kilimshukia mara tatu, na tangu hapo upande ule hausikii kitu. Fundi wa redio mwenye sikio moja! Watu wa mtaa wake wa Ndosho, Goma, walicheka, halafu wakamletea kazi, maana alitengeneza vizuri na hakuwa na maneno mengi.

Nyumbani aliishi na mkewe, Héritière, na mama wa mkewe, Nyiramahirwe. Mama huyu alikimbia vita Rutshuru, bomu likamvunja nyonga njiani, na nduguze wawili wakazikwa kando ya barabara bila hata kibao cha jina. Alilala katika chumba kilichojengwa uani, hatua sita kutoka sebuleni, wala hakuweza kusimama. Na kwa kina Nyiramahirwe, kama kwa kina Bulonza, mkwe haingii mahali anapolala mama mkwe wala hamkazii macho. Miaka miwili walisalimiana kupitia pazia la mlango.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, na mbao hazizuii risasi. Jirani yao mmoja aliuawa akifunga kamba za viatu kitandani mwake; risasi ilipita ukutani kama sindano kwenye kitenge. Baada ya mazishi hayo Bulonza alibeba mawe ya volkano siku nne, akayapanga nje ya chumba cha mama mkwe, upande ulioelekea lango na dirisha la sebule, mpaka usawa wa kifua. Chumba kile tu, kwa sababu wengine waliweza kukimbia. Mawe yale makali yalimchana viganja hadi akashindwa kushika bisibisi. Alimpenda yule mama, na hakuwa na njia nyingine ya kumwambia.

Mama aliomba kitu kimoja tu. Kwaya ya parokia yake, watu waliotawanyika kambini na hadi Uganda, iliimba kila Jumapili kwa simu, na yeye alitaka kusikia sauti za watu wake waliobaki hai. Shida ni kwamba mtandao ulishika dirishani pa sebule tu. Basi Bulonza akanunua bafle, kama Goma wanavyoziita spika, ile ndogo ya bei rahisi isiyotumia waya. Simu ikae dirishani, bafle ikae kwa mama. Kazi ya dakika tano, alijisemea.

Héritière aliipeleka ndani, Bulonza akabaki dirishani na simu.

"Iko nasikilika?" aliuliza.

"Iko nakatika-katika," Héritière alijibu. "Mama anasema kwaya iko naimba sawa vile batu banakabwa koo."

"Umwambie avumilie. Songesha kule, karibu na ukuta."

Waliisogeza chini ya kitanda, juu ya ndoo, kwenye kona. Ilikatika kotekote. Bulonza alijua sababu kabla hajaitamka: mawe yake mwenyewe ndiyo yaliyomeza mawimbi. Akatoka, akaondoa mawe ya juu, pengo la upana wa mabega ya mtu, mkabala na dirisha. Sauti ikaingia safi. Nyuma ya pazia mama alianza kulia, akimtaja kila mwimbaji kwa jina, na Bulonza akasimama uani anatabasamu peke yake kama mjinga.

Jumapili ile aliyarudisha mawe. Ya pili pia aliyarudisha. Ya tatu mgongo ulimuuma, mtaa ulikuwa umetulia mwezi mzima, akasema basi, si yatatolewa tena wiki ijayo? Mazoea yana tabu.

Jumapili ya nne wimbo ulianza, ukakatika.

"Héritière," aliita kutoka dirishani, "weka bafle karibu na pengo."

Héritière aliingia, akapiga magoti pale palipokosa mawe. Wakati huohuo, nje ya lango, wenye bunduki walikuwa wakifukuzana kichochoroni. Nani alimfukuza nani, hadi leo Bulonza hajui, na hataki kujua. Laana iwapate wote. Risasi zilimwagika. Bati lililia, kidumu cha maji kikapasuka, vipande vya mbao vikaruka uani. Bulonza alilala kifudifudi, kisha akaburuta tumbo juu ya changarawe kali mpaka kwenye pazia.

Hapo akasita. Mwili wenyewe ulisita, kwa adabu iliyomkaa tangu utotoni. Zilikuwa pumzi mbili, labda tatu, na angetoa hata sikio lililobaki ili zirudi.

"Bulonza, ingia," mama mkwe aliita. "Ingia, mutoto wangu. Damu iko namuishia."

Akaingia. Mama alikuwa amejiangusha kutoka kitandani, amejikokota na nyonga yake iliyovunjika, na viganja vyote viwili vilikuwa shingoni mwa binti yake. Damu ilipita katikati ya vidole. Bulonza aliweka mikono yake juu ya mikono ile, akakandamiza. Bafle iliendelea kuimba bila kukatika hata kidogo. Héritière alimtazama mumewe.

Ndipo Bulonza alipomkazia mama mkwe macho kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa Héritière, uliozeeka.

"Ni mimi njo niliomba zile nyimbo," mama alisema. "Usijihukumu, papa Bulonza. Achilia sasa. Amekwenda."

Bulonza hakuachilia. Majirani walipofika walimkuta bado anakandamiza, na ilibidi wanaume wawili wamtoe mikono.