Dipoziti Iliyogeuka Friza

Nilikaa Minto, pembezoni mwa jiji la Sydney, miaka mitatu, kwenye kijumba cha nyuma ya nyumba ya familia moja ya Wakongo kutoka Bukavu. Kilikuwa na chumba kimoja, jiko, bafu, na dirisha lililotazama kamba yao ya kuanikia nguo. Mwenye nyumba, ambaye sote kanisani tulimwita Papa, aliendesha lori la makontena kule bandarini Port Botany. Mkewe, Mama, alihudumia wazee. Mimi nilikuwa nesi katika hospitali ya Westmead, na safari ya treni ilikuwa ndefu kiasi kwamba nilianza kuota sauti ya yule mama anayetangaza vituo.

Siku niliyoingia, Papa alipokea dipoziti yangu mkononi, sebuleni kwake, baada ya kumwomba Mungu. Ndiyo, tuliomba kwanza. Huku Sydney sheria inamtaka mwenye nyumba aipeleke pesa hiyo kwenye ofisi ya serikali inayoitunza, ili siku ya kuhama asiwe yeye mlalamikaji, yeye hakimu, na yeye benki. Hilo nililijua. Nilipomtajia, alinitazama kana kwamba nimependekeza tuite polisi waje watusimamie tukila.

"Serikali itunze franga ya dada yangu? Juu ya nini? Mimi niko wapi?"

Sikubishana. Ni vigumu kumdai risiti mtu ambaye ndiyo kwanza amesema amina.

Hatimaye nikapata nyumba karibu na hospitali. Nikampa notisi kwa maandishi, nikasugua kile kijumba hadi nikaanza kujiona kwenye vigae. Siku ya kurudisha funguo nikaulizia dipoziti yangu. Papa akanipeleka gereji, akawasha taa, akanyoosha mkono kwa heshima, kama anayenitambulisha kwa mgeni.

Hakukuwa na mgeni. Kulikuwa na friza, ile kubwa nyeupe ya kulala. Niliifahamu vizuri, kwa sababu samaki wangu walikuwa humo.

"Garanti yako ni hii," akasema, kwani dipoziti wao huiita garanti.

"Papa, hii ni friza."

"Ni friza ya garanti. Franga ingelala bure, nikainunulia kitu ya kutusaidia wote. Si ulikuwa unatia samaki yako humu?"

"Kwa hiyo niibebe?"

Akafikiri. "Unaweza. Lakini iko mbuzi ya ubatizo ndani. Ungoje kwanza tuikule."

Nilicheka, naye akacheka, nikadhani utani umekwisha sasa atatoa pesa. Kumbe hakuwa anatania. Nilipokaza uzi, akanirudisha kijumbani na kunionyesha ukuta wa jiko, juu ya stovu, mahali palipokuwa na kivuli cha manjano ambacho ilibidi uinamishe kichwa ndipo ukione.

"Moshi ya chapati," akasema kwa huzuni. "Rangi imekufa. Hata kama garanti ingekuwa hapa, ingeenda kwa rangi."

Chapati zenyewe alizila yeye. Kila Jumapili nilimpelekea sahani, na nikichelewa alikuja kusimama kwenye kamba ya nguo akikohoa hadi nifungue dirisha. Mama, aliyekuwa mlangoni akitusikiliza, akamwambia, "Papa, haya hauna?" Papa akajibu kwamba hayo yalikuwa mambo ya biashara.

Nikasubiri. Jumapili tulikumbatiana kanisani kama kawaida, nikamuuliza pesa, akanijibu "Mungu iko," nikarudi nyumbani na Mungu peke yake. Mwishowe nikawapigia simu watu wanaowashauri wapangaji bila malipo. Dada aliyepokea akanieleza polepole kwamba kukaa na dipoziti ya mpangaji bila kuipeleka serikalini ni kosa tayari, ukuta uwe mweupe au mweusi. Tena Papa hakuwahi kuandika wala kupiga picha hali ya nyumba kabla sijaingia, kwa hiyo angethibitishaje rangi ilikufa mikononi mwangu? Basi nikapeleka malalamiko kwenye baraza linaloamua kesi za nyumba. Nilipomwambia Papa, hakukasirika hata kidogo.

"Sawa. Tutaonana kule," akasema, kama tumealikwa harusi moja.

Na kweli alikuja amevaa suti ya harusi. Mwamuzi alikuwa mwanamke mzungu wa makamo, mpole, mwenye mafua. Papa alikuwa ameomba mkalimani, ambayo ni haki yake, na mkalimani akaletwa kwa simu iliyowekwa katikati ya meza. Alikuwa Mtanzania, mtu wa pwani kwa kumsikia, mwenye Kiswahili safi na sauti ya kusoma taarifa ya habari.

Mwamuzi akauliza kwa Kiingereza: dipoziti iko wapi? Mkalimani akatafsiri: "Ndugu, mheshimiwa anauliza, dhamana yako iko wapi?"

Papa akaruka kitini. "Dhamana? Mimi sijalala mu buloko hata siku moja! Munaniuliza dhamana juu ya nini?"

"Samahani," ikasema simu, "amelala kwenye nini?"

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nikaeleza kwamba buloko ni jela, na kwamba Papa amedhani anaulizwa dhamana ya kutokea mahabusu. Mwamuzi akanishukuru. Tukaanza upya, dipoziti ikabatizwa garanti, Papa akatulia.

Zamu yangu ilipofika nikasema kwamba siku ya kuingia aliniahidi kunirudishia pesa zote. Papa akapiga meza. "Bongo! Hiyo ni bongo tupu!"

Mkalimani akaiambia meza, kwa Kiingereza kizuri, kwamba bwana huyu anataja nchi ya Tanzania.

Mwamuzi akaandika. Akainua kichwa: je, nyumba inayogombaniwa iko Tanzania?

Ikabidi ninyooshe mkono tena. "Hapana, mheshimiwa. Kwao bongo ni uongo. Anasema mimi ni mwongo."

"Na je, wewe ni mwongo?"

"Hapana."

"Asante. Endelea kutusaidia."

Basi nikaendelea. Papa akisema, simu ikikwama, mimi nikimfafanulia mkalimani, naye akimfafanulia mwamuzi. Nilimweleza mkalimani habari za friza. Nilimweleza moshi wa chapati, tena kwa uchungu ambao Papa mwenyewe hakuwa nao. Kuna wakati mkalimani aliliacha neno la kumsaidia Papa, nami nikamkosoa, nikajikuta natetea ukuta dhidi yangu mwenyewe. Papa alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa na wakili wake.

Kisha mwamuzi akamuuliza swali moja: hizo chapati alikula nani?

Papa hakungoja mkalimani. "Mimi," akasema, na mara ya kwanza siku hiyo akatazama chini.

Akaamriwa anirudishie dipoziti yote. Akaomba kulipa kidogokidogo, nami nikakubali. Tulipotoka nje alinishika bega. "Ulinisemea muzuri, dada. Avoka hangeweza." Avoka kwao ni wakili. Akanipeleka kituoni kwa gari lake, na njia nzima tuliongelea ubatizo.

Alilipa yote, akichelewa lakini akilipa. Miezi ikapita, siku moja akanipigia nikiwa mapumzikoni kazini. Amepata mpangaji mpya. Hiyo mambo ya kupeleka garanti kwa serikali inafanywaka namna gani? Nikamwongoza kwenye simu, hatua kwa hatua, huku chai yangu ikipoa. Tulipomaliza akauliza, "Na kama ye anaharibu ukuta?"

"Upige picha kabla hajaingia."

"Picha ya ukuta bure? Bila mutu?"

"Bila mtu, Papa."

Jioni picha zikaanza kuingia. Ukuta wa jiko, ukuta wa bafu, ukuta wa chumba. Mbele ya kila ukuta alisimama Mama, amevaa kitenge cha Jumapili na kilemba, mkono kiunoni, akitabasamu. Nilizikuza moja baada ya nyingine. Rangi ya ukuta haikuonekana hata kidogo, lakini Mama alikuwa amependeza sana, nikamwandikia Papa hivyo.