Mavyaa Kwenye Lifti ya Kuigiza

Pale karakanani walimwita Bi Kwanza, kwa sababu kila akiambiwa amalize kazi, jibu lake lilikuwa lile lile: kwanza tujaribu. Alikuwa akiandika mantiki ya chipu zinazoendesha lifti, yaani mlango ufunguke lini na injini isimame wapi. Maandishi yakikamilika hukompailiwa: kompyuta huyageuza kuwa saketi ndani ya chipu, na shughuli hiyo humeza siku nzima. Ukikosea nukta moja, siku imekwenda na maji.

Kwa hiyo alijitengenezea lifti ya kuigiza. Mezani palikuwa na kibao cha vitufe vya kweli, na kwenye skrini ghorofa sita na kijitu kimoja cha kupanda na kushuka. Kijitu hicho alikipa upara na tai nyekundu. Wote pale walijua ni nani, isipokuwa mwenye tai.

Mwenye tai alikuwa mkuu wa karakana, mtu wa haraka kama maziwa yanayochemka. Jumatano asubuhi alikuja kusema michezo ya watoto sasa basi. Wenye jengo wanasubiri, akompaili mara moja. Bi Kwanza alimwitikia kwa heshima zote, akaomba dakika kumi tu, kisha akamgeukia mavyaa wake, mama wa mumewe, aliyekuwa amepita kumletea miwani aliyoisahau nyumbani. Mama yule hakuwahi kuamini kitufe chochote duniani.

"Mama, hebu fanya kama uko ndani ya lifti."

Hakuhitaji kubembelezwa. Alibonyeza nne mara saba, akaghairi, akabonyeza mbili, kisha lifti ikiwa njiani akakikandamiza kibao chote kwa kiganja. Mlango ukafunguka kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Kijitu kikatoka kwa adabu, kikaporomoka hadi chini.

Mafundi wawili waliinamia nyaya zao ghafla, mabega yakiwatikisika.

"Mwanangu," mama akamwambia mkuu kwa huruma ya kweli, "huyu marehemu mmefanana sana."

Mkuu aliitazama skrini, akaitazama tai yake. Kisha akavuta kiti, akamwomba mama arudie. Mwenye tai wa skrini akafa mara ya pili, na ya tatu. Ndipo ilipodhihirika kwamba kitufe cha mlango kikibonyezwa sambamba na cha ghorofa, mantiki husikiliza mlango na kusahau kuwa lifti inatembea.

Bi Kwanza hakucheka. Kosa lilikuwa lake, na kwenye lifti ya kweli angepanda mtu wa kweli. Alisahihisha mistari miwili, mama akakandamiza tena hadi akachoka, na mlango ukagoma kufunguka lifti ikiwa njiani. Hapo mkuu mwenyewe akasema haya, kompaili.

Mavyaa alirudi nyumbani akawasimulia majirani kwamba asubuhi ile alimuua bosi wa mkwewe mara tatu, na bosi akamsindikiza hadi mlangoni akimshukuru.