Mkebe wa Majivu Uliobaki Kazini

Saa tatu asubuhi, Nzau Mulwa anafungua mlango wa boila ya kiwanda kimoja cha sabuni, eneo la Industrial Area jijini Nairobi, na kutupa makaa ya mawe ndani kwa sepetu. Joto linamchoma uso. Anarudi nyuma, anafuta jasho, kisha anatazama juu ya paa, moshi unakoelekea.

"Zamani sikuwa nautazama," anasema. "Kumbe nilikuwa nabeba shida hadi kwangu, tena kwa mikono yangu mwenyewe."

Nzau anaishi kwenye ghorofa mtaani Pipeline na mkewe, Wanza. Kwao Ukambani, sufuria haijaoshwa mpaka isuguliwe kwa majivu. Sasa ghorofani majivu ya kuni yatatoka wapi? Basi kila Jumamosi alijaza mkebe vumbi laini linalonaswa na kichujio cha moshi, akampelekea Wanza. Sufuria ziling'aa hata majirani wakaomba. Wanza, mtu wa watu, akawagawia.

Siku moja Lorraine Aloo, mtaalamu aliyekuja kupima moshi wa kiwanda, alimkuta Nzau akijaza mkebe.

"Hayo unapeleka wapi, kaka?"

"Nyumbani. Ya kuosha vyombo."

Lorraine hakumfokea. Aliketi naye kwenye ngazi, akamweleza kwamba makaa ya mawe yana zebaki. Yakiungua, sehemu hupaa na moshi, sehemu hushika lile vumbi. Ni sumu inayoumiza ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni.

"Kuna mjamzito nyumbani?" akauliza.

Wanza alikuwa mjamzito, baada ya kungoja mtoto miaka sita.

Nzau aliuacha mkebe pale pale kwenye ngazi.

Jioni hiyo alibisha mlango baada ya mlango, akiomba majivu yarudishwe. Waruguru, jirani wa mlango wa pili, alimpasha ipasavyo.

"Nilimwambia, 'Umetulisha sumu na asante zetu ukazipokea,'" anasema Waruguru, sasa akicheka. "Lakini angenyamaza, nani angejua? Mtu wa kujianika hivyo ni wa kushukuriwa."

Kesho yake Waruguru ndiye aliyemsindikiza Wanza kupimwa damu. Majibu yalipotoka, zebaki haikuwa imefika kiwango cha kutisha.

"Daktari aliongea mengi," anasema Wanza. "Mimi nilisikia tu kwamba mtoto yuko sawa. Nikalia pale pale, nikimshukuru Mungu na yule Lorraine."

Leo mtoto huyo, Ndunge, anatambaa, na kutwa anagonga mfuniko wa sufuria sakafuni. Sufuria zenyewe husuguliwa kwa majivu ya kuni kutoka kwa mama anayepika na kuuza githeri, mahindi na maharagwe, pale chini.

Nzau huoga kazini, na ovaroli yake haivuki geti. Yeye na wenzake wanaomba kichujio kilichochakaa kibadilishwe, maana moshi huenda hadi kwa watoto wa wengine. Meneja ameahidi kabla ya Krismasi, na Nzau humkumbusha kila Jumatatu.

"Kwetu mwanamume harudi nyumbani mikono mitupu," anasema akiitundika ovaroli. "Mimi narudi nayo mitupu. Wanza akifungua mlango huitazama mikono kwanza, kisha ananipa mtoto."